Ghuba Alipozamia Alurut

Ghuba yenyewe ina umbo la figo. Wazee wa kale hawakupenda kupoteza maneno. Waliitazama kutoka juu ya kilima, wakaona figo la dubu limelala kati ya mawe, wakaiita Figo, wakaendelea na kazi zao. Baadaye akapita nahodha mmoja Mzungu, akaiona kwa mbali kutoka juu ya mlingoti, tena ukungu ukiwa mzito, akaipa jina la mama mkwe wake, Bibi Harkwell. Nadhani ni kwa sababu ya baridi. Yeye hakushuka, na Bibi Harkwell hakuja hata siku moja, na sili, wale wanyama wa baharini tunaowawinda, nao hawakuambiwa chochote, kwa hiyo waliendelea kuzaa pale kama kawaida.

Jina tunalotumia sisi ni la tatu, na hilo ndilo lililomla mwanangu.

Ninaposema mwanangu, nieleweke. Alurut alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu na mke, wakati mimi bado nina meno ya utoto. Lakini mama yake alikufa majira ya baridi yaleyale niliyozaliwa mimi, nikapewa jina lake, basi mimi ndiye mama yake. Alikuwa akinibeba mabegani huku akiniita mama. Akirudi mawindoni ananiletea jicho la sili nilinyonye, ananiuliza kama nimelala vizuri, na nikimkaripia anainamisha kichwa. Nilimkaripia sana, maana mtoto yule alikuwa na majivuno ya kutosha kijiji kizima.

Alikuwa akisema sili wakisikia hatua zake wanapanda juu ya barafu wenyewe, kwa kuona aibu kumchosha. Alisema dubu mmoja alimpisha njia na kumwomba radhi. Hayo tuliyacheka. Tatizo ni kwamba mwenzake akirudi mikono mitupu, Alurut alimwekea mfupa mlangoni, mfupa uliokwisha kulambwa na mbwa, kisha anapita akimshauri mke wa yule mtu aupike mchuzi. Watu walicheka hapo pia. Lakini kicheko kile walikifukia kama tunavyofukia nyama chini ya mawe wakati wa kiangazi, kikachachuka polepole, kikingoja siku yake.

Sasa, figo lile lina koo. Pale ghuba inapokutana na bahari, katikati ya pua mbili za mawe, maji hupita kwa kasi chini ya barafu hata baridi ikiwa kali namna gani, yakiilamba barafu kwa chini. Kwa juu ni nyeupe kama kwingine kote. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba pale unapita upesi bila kusimama, au hupiti kabisa.

Jua liliporudi mwaka ule, baada ya giza la majira ya baridi, Alurut alivuka koo akaenda kusimama kwenye ukingo wa barafu ya nje, peke yake, kwa sababu wenzake, alisema, walikuwa wanapumua kwa kelele. Upepo ukageuka. Pande zima la barafu likakatika likaondoka naye. Sisi tulichokuta ni glavu moja na mbwa aliyelowa. Tukangoja. Hakuja. Suluk, mkewe, akazima taa yake ya mafuta akahamia kwa ndugu. Jina la marehemu kwetu halitajwi mpaka lipate mwili mwingine, kwa hiyo kwa siku chache ghuba ile tuliiita Alipozamia tu, na kila mtu akajua ni nani.

Mwili haukuchelewa. Aaju, dada yake Alurut, alikuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kiume palepale kambini. Mkunga alikuwa Bibi Uviluq, mwanamke mzee mwenye macho madogo na sauti ya kuamrisha mbwa. Mtoto akatoka analia, akakataa kunyamaza. Bibi Uviluq akamtajia majina ya marehemu wetu moja baada ya jingine, kama mtu anayemjaribisha mwingine buti. La babu fulani, kilio. La mvuvi fulani, kilio zaidi. Alipofika kwa Alurut, mtoto akafunga mdomo, akapiga chafya, akalishika titi.

Basi tukafurahi, msiba ukaisha. Alurut amerudi. Aaju akawa anamnyonyesha huku akimwita kaka. Mimi nikamwita mwanangu, nikampa jicho la sili alilambe, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu sasa. Suluk alikuja kila siku kumwona, akimwita mume wangu, akimletea Aaju kipande kizuri cha ini ili maziwa yawe mazito. Siku moja kichanga kilimkojolea begani. Suluk akajifuta, akasema hajabadilika.

Wakati wa kiangazi tulikuwa ufukweni tunapasua samaki, ndipo mtu akaonekana akishuka kutoka vilimani. Alikuwa amekonda mpaka nguo zilimtangulia. Mbwa walimjua, wakamrukia. Watu hawakusimama.

Hadithi yake aliisimulia maisha yake yote, na kila mwaka iliongezeka uzito. Pande la barafu lilimzungusha kisiwa chote likamtupa upande wa pili. Alikula kamba ya chusa chake, akala buti zake. Sili mkubwa mwenye pembe ndefu alipanda juu ya barafu ileile, wakaishi wawili, wakigombana kila jioni nani alale upande usio na upepo. Mimi hilo la sili mwenye pembe nalikubali. La buti ndilo ninalolikataa, maana alikuja amezivaa.

Bibi Uviluq alimwamuru asimame mbali, upande upepo unakoelekea, akamtupia samaki. Mzuka haumezi. Alurut akameza. Akatupiwa wa pili, akameza. Bibi Uviluq akatuambia tusiogope, huyu si mzuka, ni mlafi tu.

Ndipo akamwona mkewe.

"Suluk," alisema, "mke wangu, nimerudi."

Suluk hakuacha kupasua samaki. "Mume wangu yuko kwa Aaju," alisema. "Ananyonya."

Alurut akacheka, peke yake. Aliponyamaza ndipo sisi tukaanza. Nyama ilikuwa imeiva chini ya mawe, na kila mtu aliyewahi kuwekewa mfupa mlangoni alikula sehemu yake siku ile.

Akaenda kwa dada yake, akamwangalia mtoto, akasema vizuri, mtoto apewe jina jingine, mwenye jina amefika. Aaju akamkumbatia mwanawe akaanza kulia. Akaitwa Bibi Uviluq aamue. Alisema jina limeingia na mtoto amenyamaza, likitolewa mtoto atakufa. Kisha akamtazama Alurut juu mpaka chini.

"Wewe una afya," alimwambia. "Umezunguka kisiwa kizima bila jina, wala hukugundua."

"Basi mimi ni nani, bibi?"

"Wewe ni kilichobaki."

Ndivyo alivyokuwa Mabaki. Asubuhi yake alikuta mfupa mlangoni kwake, umelambwa safi. Hakuna aliyekiri kuuweka, na hakuna aliyeulizwa.

Suluk akaolewa na mwindaji mwingine. Hakufanya kosa, alikuwa mjane. Ungemuuliza mtu yeyote kambini kama Mabaki ameonewa angekushangaa: ameonewa na nani? Alipewa nyama, alipewa nafasi ya kulala, alialikwa kuwinda. Ila hakuna aliyemwita kaka, wala mume, wala shemeji, wala mwana, kwa sababu hayo yote yalifuata jina, na jina lilikuwa mgongoni kwa Aaju, ndani ya kofia ya koti lake, limelala.

Kilichomtesa si mke. Sisi mtu akifa, jina lake hukaa nje likingoja mtoto. Likimpata, mtu amerudi: ataletewa tena minofu, ataitwa tena kaka na mume, atakojolea watu anaowapenda. Asiye na jina akifa, amekufa jumla, kama mbwa. Mabaki ni neno la kumtania mtu, nani atampa mtoto wake neno hilo? Alinijia siku moja ninashona, nikiwa msichana.

"Mama," aliniambia, "mimi nikifa utanisikia wapi?"

Nikamwambia afunge mdomo ale. Lakini nilifurahi kwamba bado ananiita mama. Mwenzake wa mgongoni alikuwa hajajua hata kusema.

Akawaza kwamba kosa ni la ghuba. Maadamu mahali pale panasema amezama, watu watamhesabu amezama. Pakisema jambo jingine, jina litakosa pa kukanyaga, litamrudia lenyewe. Akaenda kule peke yake, akajenga mnara wa mawe juu ya pua moja ya koo. Akawinda vizuri, yule hakuwa mwindaji mbaya, akatuita wote karamuni. Kulikuwa na sili wa ndevu wawili, na ngozi ya nyangumi mbichi aliyoibadilisha mbali huko. Tulikula mpaka watoto walibebwa. Kisha akapanda juu ya jiwe akatangaza kwamba kuanzia leo hapa panaitwa Aliporudi Alurut. Tukaitikia kwa midomo iliyojaa.

Njiani tukirudi tulikutana na watu wa kambi nyingine. Wakaona videvu vyetu vinavyong'aa kwa mafuta, wakauliza tumetoka wapi.

"Tumetoka Alipozamia Alurut," Suluk akawajibu. "Tumekula vizuri sana."

Yeye Mabaki alikuwa nyuma yake, ameshika kamba za mbwa.

Miaka ikapita namna hiyo. Alurut Mdogo, yule mtoto, akakua akawa mwindaji mkimya, mpana, mwenye mkono mzuri, akamwoa Miali, msichana mcheshi wa upande wa kusini wa kisiwa. Hakuwa mtu mbaya. Kila akiua sili alimkatia Mabaki sehemu yake kwanza, kabla hajamkatia mama yake. Ila hakuweza kumpa bila kumchoma kidogo. "Kula, Mabaki," angesema. "Aliyemuua sili huyu ni wewe, mimi nilishika chusa tu." Watu wanacheka, Mabaki anakula. Alizeeka hivyo, akila kicheko pamoja na nyama, akaanza kukohoa.

Wakati huo ilikwisha anza kuja meli ya madaktari kila kiangazi. Tulipandishwa mmojammoja, tunavuliwa nguo, tunasimamishwa mbele ya mashine inayoona mbavu. Aliyeonekana na doa kifuani hakushuka tena, hata kuaga hapana, meli iliondoka naye kusini hospitalini. Mabaki alikohoa mbele yao kwa nguvu zote, wakamwambia ni uzee, ashuke. Aliyebakizwa ni Alurut Mdogo, ambaye hakuwa amekohoa hata mara moja. Miali alisimama ufukweni mpaka moshi wa meli ukapotea, na Aaju akasimama nyuma yake, ameshika mkia wa koti la mkwewe kama vile yeye ndiye atakayeruka majini.

Kiangazi cha pili akashuka mwanamke mmoja wa kambi ya jirani, aliyekuwa amelazwa hospitali hiyohiyo. Tukamuuliza. Alisema asubuhi moja alipita wodi ya wanaume, akakuta kitanda cha Alurut kitupu, kimetandikwa shuka jeupe jipya, na muuguzi akatikisa kichwa. Yeye alijua maana yake. Sisi pia tukajua. Aaju akaketi palepale mchangani.

Machozi yake hayajakauka, Mabaki akaingia hemani.

Sikilizeni maneno aliyosema, maana nilikuwepo, nilikuwa ninachemsha chai. Hakusema pole. Alisema, "Dada, jina liko nje. Majira ya baridi yanakuja, na hakuna mjamzito kambini. Utaliacha ligande?"

Aaju akamwambia jina ni la mtoto mchanga. Mabaki akamkumbusha kwamba mgonjwa naye hupewa jina jipya apate nguvu, hilo ni jambo la tangu zamani, naye anakohoa, kila mtu anamsikia. Akakohoa. Aaju akamtazama muda mrefu. Mimi nadhani hakumhurumia kaka yake hata kidogo. Nadhani aliona heri mwanawe akae ndani ya mwili ule wenye ndevu zinazonuka mafuta, kuliko asiwe popote. Akamwinamia sikioni akasema, "Alurut."

Na kikohozi kikakoma. Hilo nalishuhudia. Alipiga chafya moja, akaomba chakula.

Laiti angeishia hapo. Lakini jina lilikuwa limepita kwa mtu mwingine, likarudi na mizigo yake. Sasa Aaju alimwita kaka yake mwanangu, akamchagulia samaki miiba. Mbwa wa marehemu wakawa wake. Akaenda kwa Miali, mjane mbichi, akaketi upande wa taa alikokaa Alurut Mdogo, akavua buti zake akampa. "Mke wangu," alimwambia, "zimekauka, zitafune zilainike." Miali akazichukua. Ilibidi, alikuwa mumewe kwa jina. Alizitafuna usiku huo akilia kimyakimya, na yule mzee akimsimulia habari za sili mwenye pembe.

Majira yote ya baridi Alurut wetu alitembea kifua mbele. Mtu akirudi mikono mitupu, anakuta mfupa mlangoni.

Kiangazi kilichofuata meli ikaja, na wa kwanza kushuka alikuwa Alurut Mdogo, mnene, mweupe, amevaa viatu vya kusini vinavyoteleza juu ya mawe. Hakuwa amekufa. Walimhamishia wodi nyingine tu, na kile kitanda kikatandikwa. Hakuna aliyemkimbilia. Wote tukamtazama yule mzee.

Naye akatoka mbele taratibu, kama mwenyeji.

"Karibu, mgeni," alisema. "Unaitwa nani?"

Alurut Mdogo akacheka. "Wewe Mabaki, uzee umekuingia kichwani? Mimi Alurut."

"Alurut ni mimi. Muulize mama yako."

Akamgeukia mama yake bado ana kicheko usoni, na kicheko kile sikukiona kikiondoka, kilibaki pale kimeganda. Aaju alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Angesema nini? Bibi Uviluq alikwisha fariki, lakini hukumu yake haikufariki, na aliyenufaika nayo mara ya kwanza ni Aaju mwenyewe. Jina limeingia, kikohozi kimekoma, likitolewa atakufa.

"Basi afe," alisema Alurut Mdogo.

"Nikifa utalipata," mzee akamjibu. "Kwa sasa chukua Mabaki. Ni jina zuri. Nimelivaa mpaka limelainika."

Miali alimshika mumewe mkono, akampeleka hemani kwake bila kuuliza ruhusa, akazitupa nje buti za mzee. Hilo moja hakuna aliyelipinga. Lakini jina halikutupwa. Watu wakamwita yule kijana Mabaki, kwanza kwa kumtania, kisha kwa mazoea. Naye akaacha kumkatia mzee nyama. Hakumnyima kwa maneno, alipita tu mlangoni kwake na mkokoteni wa mbwa umejaa, akatazama mbele.

Jua liliporudi tulikuwa tumepiga kambi ghubani kama miaka yote, kwa ajili ya watoto wa sili. Ndege ndogo ikatua juu ya barafu. Alishuka mpima ramani, Mzungu mwembamba mwenye adabu, na mkalimani wake. Alitandaza karatasi kubwa juu ya sanduku, akasema serikali imechoka na majina ya mama wakwe, inataka majina ya wenyewe. Watu wakamzunguka. Kila jiwe lilipata mtetezi. Tulimtajia Kisigino, na Mahali pa Kusahau Birika, na kilima ambacho jina lake lilimfanya mkalimani aone haya akaandika Kilima.

Kisha akaweka kidole juu ya ghuba.

"Aliporudi Alurut," akasema mzee.

"Alipozamia Alurut," akasema kijana.

Mpima ramani akauliza Alurut ni nani. Wote wawili wakasema mimi. Akawatazama, akafuta kalamu yake, akauliza kwa upole, kupitia mkalimani, kama huyu Alurut alizama hapa au hakuzama.

Suluk alikuwa ameketi juu ya ngozi anakunywa chai. Alikuwa mzee sasa, ana meno mawili. "Bado," alisema.

Tulicheka mpaka birika likapinduka. Kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi, sitakificha. Mwanangu, yule mzee, akasimama, midomo imekuwa myeupe. Alimwambia mkalimani amwandikie mgeni kwamba mahali hapa hapajamzamisha mtu. Yeye atavuka koo kwa miguu mbele ya macho ya wote, na akifika ng'ambo iandikwe Aliporudi, na asisikie tena lile jingine.

Barafu ilikuwa imekwisha anza kulegea. Aaju akamwambia aketi, chai inapoa. Mimi nikamwambia, "Keti, mwanangu." Alinisikia, kwa sababu aliinamisha kichwa kama zamani. Lakini hakuketi.

Watu wakamgeukia kijana, maana ndiye aliyekuwa na nguvu za kumshika.

"Angekuwa Mabaki ningemkamata miguu," alisema. "Alurut ana mahali pake. Nani amzuie?"

Akaenda. Alitembea vizuri, nisimwonee: miguu ameitanua, nyayo bapa, haraka bila kukimbia, kama mtu aliyechukua kitu nyumbani kwa jirani. Akapita mnara wake wa mawe. Akaingia kooni. Akapita katikati. Hata Suluk alikuwa amesimama na kikombe chake. Ng'ambo ilikuwa karibu, angefika, wallahi angefika. Lakini huyu ni Alurut yuleyule wa mifupa. Hakuweza kushinda akiwa ametupa mgongo. Akasimama, akatugeukia, akainua mikono yote miwili, akafungua mdomo aseme.

Sijui alitaka kusema nini. Najua kulikuwa na majivuno ndani yake.

Barafu ilifunguka bila sauti. Kijana alikuwa wa kwanza kukimbia, nalo hilo niliseme, alilala kifudifudi akajisogeza kwa tumbo, akarusha kamba ya chusa, akarusha tena na tena mpaka tukamvuta kwa miguu. Kamba ilirudi imelowa, basi.

Mpima ramani alikuwa analia. Akauliza kama bado aandike, na aandike lipi. Suluk akamwambia aandike upesi kabla wino haujaganda. Ramani ile ipo ukutani shuleni hata leo. Kitukuu changu alinisomea: Alipozamia Alurut, na chini yake, kwa herufi ndogo, Bibi Harkwell, kama mtu aliyekuja msibani bila kualikwa.

Kiangazi hicho Miali akashikwa na uchungu. Mkunga sasa alikuwa Aaju, tukaingia hemani mimi na yeye na Suluk. Kijana alikaa nje, anapasua kuni za maboksi ambazo hakuna aliyezihitaji. Alikuwa na sababu. Jina la Alurut lilikuwa nje, linazunguka, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kulipewa. Mtoto akilichukua, yeye atabaki Mabaki mpaka afe, na baada ya kufa hatabaki hata Mabaki. Baba alikuwa anaomba mwanawe amkatae.

Mtoto akatoka analia. Aaju akamfuta, akapumua, akasema, "Alurut."

Mtoto akapiga kelele mpaka mbwa wakamjibu. Nje shoka likatulia. Aaju akasema tena, akambembeleza kwa jina lile, kwa sauti ya dada na kwa sauti ya mama. Mtoto akawa wa buluu kwa hasira. Tukajaribu marehemu wengine, wa karibu na wa mbali, wenye heri na wezi. Hakuna. Aaju akachoka, akamtazama mjukuu wake jinsi alivyokaza shingo.

"Mbishi huyu," alisema, hata hakuwa akimwambia mtoto, "kama Mabaki."

Mtoto akafunga mdomo. Akapiga chafya, akalishika titi.

Tukatazamana sisi wanawake. Kutoka nje sauti ikauliza, "Basi mimi ni nani?"

"Wewe ni Alurut," Aaju akamjibu. "Lete maji."

Tukamuuliza Suluk kama atamwita huyu mume wangu. Alimnusa kichwani, akafikiri. Akasema mume wake ni Alurut, yuko nje anateka maji, na huyu yeye hamjui. Akatoka kumpelekea Alurut kipande cha ini.

Basi nikampokea mimi. Nikamwambia, karibu, mwanangu. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alinikojolea palepale.